Kidole Kilichoruka Majina

Karatasi niliyotia sahihi inasema kwamba nilikosea kwa sababu ya uchovu. Si kweli. Ilikuwa asubuhi, chai nilikuwa nimekwisha kunywa, na nilijua vizuri vidole vyangu vinaandika nini. Nimeishi na karatasi hiyo miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu. Leo nataka kueleza mambo yalivyokwenda, kwa sababu wanaoyajua wamebaki wachache, na sidhani kama kuna mwingine kati yao anayeona haya.

Niliingia kampuni nikiwa msichana aliyetoka shule ya masista. Lubumbashi ya wakati ule, mtu alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akala unga wa kampuni, na jeneza lake likapigwa misumari na seremala wa kampuni. Baba yangu alilia kwa furaha siku nilipopata kazi. Waliniweka katika chumba cha wanawake kumi na mmoja pamoja nami, tukitoboa majina ya wafanyakazi kwenye kadi za karatasi ngumu ambazo mashine ilizisoma kwa matundu yake. Kelele ilikuwa kubwa mno. Tulizoea kusemezana kwa midomo bila sauti, na hata nyumbani mama alinikemea: «Sema basi, mbona unachezesha midomo kama samaki?»

Kadi ilikuwa na nafasi chache kwa jina. Jina refu lilikatwa. Kisha serikali ikatuvua majina ya ubatizo, tukaambiwa turudie ya mababu, na chumba kizima kikakaa miezi kikitoboa kadi upya. Watu waliotofautishwa na jina la mtakatifu sasa wakabaki na jina moja la babu. Jina la pili walikuwa nalo wengi, ila kwenye kadi halikupata nafasi. Ndivyo orodha yetu ilivyojaa wanaume wenye jina lile lile, herufi kwa herufi, wakitenganishwa na namba ya kazi tu. Sisi wanawake tulicheka. «Unaona,» alisema rafiki yangu wa meza ya pili, «sasa bote bamekuwa ndugu.»

Miaka ikapita, mashine za matundu zikatolewa kwa lori, zikaja skrini. Mzungu mmoja mwenye shati lililolowa jasho mgongoni alikuja kutufundisha lugha mpya ya kuiuliza mashine maswali, lugha iliyoitwa kwa herufi tatu tu: es-ku-el. Darasani walikuwa wanaume saba na mimi. Wenzangu kumi walipelekwa kupiga chapa barua.

Nililipenda somo lile, sioni sababu ya kuficha. Mzungu alitueleza kwamba programu yetu haiwezi kushika orodha yote kwa mkupuo. Unaipa kitu kinachosimama juu ya mstari mmoja. Unamaliza kazi ya mstari huo, unakiambia kisogee, kinasimama juu ya mstari unaofuata. Kwa Kifaransa kiliitwa curseur. Mimi nilikiita kidole, kwa sababu nilikuwa nimemwona karani wa parokia akisoma orodha ya wabatizwa namna hiyo hiyo, kidole juu ya jina. Ugumu, alisema, unakuja kazi inapokatizwa. Umeme ukizimika, kidole kinapotea. Ukiwaka, mashine haikumbuki kilikuwa wapi. Ni juu yako uliyeandika programu kuwa umeweka alama mahali, ili ukirudishe pale pale. Akagonga ubao kwa chaki. «Alama yenu iwe kitu kisicho na pacha,» alisema, na mkalimani akatutafsiria ingawa sote tulikuwa tumekwisha kuelewa.

Basi mzungu akarudi kwao, na tukapewa shefu wa huduma, yaani mkuu wa idara yetu.

Shefu alikuwa kijana kuliko mimi. Alikuwa mjuzi kiasi, nisimsingizie, lakini alipanda kwa sababu asubuhi za Jumatatu, tulipopanga mistari uani kuimba mbele ya bendera, sauti yake ilisikika kuliko zote. Kwenye abakosti yake, suti ile ya utawala isiyo na tai, hakukosekana kamwe beji ya chama. Alituita sitwayene na sitwayeni, raia kwa Kifaransa, hata chooni.

Kazi iliyotuharibu ilikuwa ya kadi za hospitali. Kila nusu mwaka kampuni ilitoa kadi mpya kwa kila mfanyakazi, na ndani yake majina ya mke na watoto. Pamoja na kadi, orodha ilichapishwa kwa ajili ya walinzi wa mlango wa hospitali, kwa mpangilio wa alfabeti. Huna kadi na haupo katika orodha, huingii. Programu niliandika mimi. Kidole kilipita juu ya kila jina, kadi ikachapishwa, mstari wa orodha ukachapishwa, kidole kikasogea. Kwa kuwa umeme ulianza kutuzoesha kuzimika, kila baada ya jina programu ilihifadhi alama ya mahali ilipofika. Shefu ndiye aliyeamua alama iwe jina.

Nilikwenda ofisini kwake kumweleza. «Shefu, bantu ba jina moja beko bengi. Kama umeme unakatika katikati yao, mashine itaanzia wapi?»

«Itaanza na jina lenye kufuata.»

«Basi wale ba jina moja benye walibakia, itabaruka.»

Alifikiri kidogo. «Weka basi irudilie jina lile lile.»

«Hapo itatoa karte mara mbili kwa wale ba kwanza.»

Akacheka, akafunga kalamu yake. «Sitwayene, karte ikitoka mara mbili, ya pili itauzwa sokoni kesho yake, na mukubwa ataniita miye. Ikikosa kutoka, mwenyewe atakuya kulalamika na tutamupatia. Kuruka iko na dawa. Kurudilia haiko na dawa.»

Nilimwambia ipo njia ya tatu, ile ya mzungu: jina pamoja na namba ya kazi, maana namba haina pacha. Lakini hiyo ilihitaji kupanga faili upya, na kupanga faili upya kulihitaji siku mbili. Yeye alikuwa amekwisha kumwahidi mkurugenzi kwamba kadi zitaondoka Ijumaa. Nikarudi mezani, nikamwandikia kwa mkono ukurasa mmoja wa maelezo, kwa Kifaransa changu bora kabisa, nikampelekea. Aliusoma akiwa amesimama. Akauweka katika mtoto wa meza, akaufunga.

Nikaketi nikaandika alama ya «kubwa kuliko» pale ambapo ningeweza kuandika kitu kingine. Ni alama moja, mfano wa mdomo wa kifaranga, na inaiambia mashine ianze na jina linalofuata lile lililohifadhiwa.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Alhamisi, kama saa nne asubuhi, radi ilipiga upande wa mtaa wa Hewa Bora na taa zote zikazimika. Tulikaa gizani mle ndani, maana chumba cha mashine hakikuwa na madirisha, tukisikiliza feni zikipunguza mbio moja baada ya nyingine. Umeme uliporudi niliwasha mashine, nikasoma alama iliyohifadhiwa. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya jina moja kati ya yale yanayojaa Katanga nzima, jina ambalo ukiliita sokoni wanageuka wanaume watano.

Nilikwenda kumwambia shefu. Hakuinua uso. «Endelea. Camion ya kubeba karte inangoja.»

Nikaendelea. Kadi zikaanza kutoka, na ya kwanza ilikuwa ya jina linalofuata, kama nilivyojua.

Hapa ndipo karatasi ya sahihi inaponyamaza, na mimi mwenyewe nimenyamaza kwa miaka. Swali la kuuliza mashine, ni nani wenye jina lile ambao hawakupata kadi, lilikuwa swali la mistari mitatu. Ningeliandika kabla chai haijapoa. Ningechapisha kadi zao kando na kuzitia ndani ya sanduku bila shefu kujua. Nilifikiri kufanya hivyo. Kisha nikaukumbuka ukurasa wangu ulivyofungiwa katika mtoto wa meza, nikasema moyoni: acha walalamike. Waje wajipange mlangoni kwake, mkurugenzi awaone. Nilitaka aaibike. Nilikunja mikono nikatazama sanduku likifungwa.

Kwa majuma matatu hakuja mlalamikaji hata mmoja. Karibu niwakasirikie wao, hao wasiojua kulalamika.

Kisha akaja mmoja. Alikuwa mtu wa Kipushi, mji wenye mgodi wa kampuni, mpiga mwamba wa chini ya ardhi, mwenye umri wa baba yangu mdogo, shati limepigwa pasi, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia vikang'aa. Alikuwa ametumwa ofisi tatu kabla ya kuelekezwa kwetu. Shefu hakuwapo. Mlinzi alimleta kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

«Karibu, baba. Ikaa.»

Hakukaa. «Mama, banasema miye siko mu mashini. Nimekuya kuuliza tu: nilitoka mo siku gani? Na nani alinitoa?»

Nilimwomba namba yake ya kazi. Aliitaja bila kuitazama popote, kama mtu anavyotaja siku aliyozaliwa. Niliandika. Jina lake likatokea kwenye skrini pale pale, na la mke wake chini yake, na watoto wanne. Nikageuza skrini ili aone.

«Uko, baba. Haujatoka hata siku moja.»

Alisogea, akainama, akasoma polepole, midomo ikicheza. «Njo miye,» alisema. «Njo miye kabisa.» Kisha akakaa.

Alinisimulia bila kupandisha sauti. Kadi mpya zilipofika Kipushi, yake haikuwamo. Karani alimwambia angoje, zitakuja nyingine. Kabla hazijaja, mke wake akashikwa na uchungu wa kuzaa, asubuhi, siku ya kazi. Alimpeleka hospitali na kadi ya zamani. Mlinzi wa mlango alifungua orodha, akaliona jina. Lilikuwapo mara kadhaa, kwa ajili ya wale waliochapishwa kabla ya radi. Akalinganisha namba na kadi ya zamani. Hakuna iliyolingana.

«Akaniambia: baba, wewe unaiba jina la muntu. Miye! Jina la baba yangu, naliiba kwa nani?» Aligeuza kofia mikononi. «Nilimuonyesha bibi. Akasema, bibi ya mwizi iko bibi ya mwizi.»

Walimbeba mke wake kwa mkokoteni hadi zahanati ndogo mjini, ambako kulikuwa na mkunga mmoja na hakuna damu. Mtoto alizaliwa mzima. Mama alitokwa na damu mpaka saa tisa alasiri.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema pole, pole sana baba, neno lile tunalompa hata mtu aliyejikwaa. Yeye hakuwa amekuja kutafuta pole. Alisema: «Batoto bangu beko tano sasa. Nataka karte yabo.»

Hicho niliweza kukifanya. Niliandika jina la mtoto mchanga alivyolitaja, nikaamuru kadi ichapishwe. Tulisubiri wote wawili tukitazama mashine ikienda huku na huku. Nikaikata, nikampa kwa mikono miwili. Aliisoma yote, kisha akaweka kidole juu ya mstari wa pili.

«Uyu iko hapa,» alisema.

Jina la mke wake. Sikuwa nimelifuta. Nikamwambia nitalitoa mara moja, nichapishe nyingine. Kisha nikakumbuka kwamba siwezi. Kumtoa marehemu kulihitaji cheti cha kifo kutoka hospitali ya kampuni, na hospitali ya kampuni haitoi cheti cha mtu ambaye hakuingia mlangoni mwake. Nilimweleza hayo. Nilisikia sauti yangu ikiyaeleza.

Aliikunja kadi, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. «Basi mwache,» alisema. «Sasa njo bamemupokea.»

Akaaga kwa heshima zote, akaondoka.

Habari ilifika juu kwa sababu mkunga wa zahanati alikuwa dada wa mtu mwenye cheo. Iliundwa tume ndogo ya watu watatu. Shefu aliniita kabla haijakaa, akafunga mlango, akaniita mama kwa mara ya kwanza.

«Mama, unajua namna mambo inaenda. Bakinitoa miye, huduma yote itavunjika. Weye unaandika tu kama ulichoka, ukaanzisha mashine mubaya kisha umeme kurudi. Kuchoka haiko kosa. Watakuhamisha kidogo, njo basi.»

«Na ukurasa wenye nilikuandikia?»

«Ukurasa gani?»

«Ule uko mu mtoto wa meza.»

Akaufungua mtoto wa meza mwenyewe, akauvuta mpaka mwisho nione. Kulikuwa na kalamu, beji mbili za akiba na kopo la njugu. «Bwana yako iko kazi ku karakana, hapana?» aliuliza huku akiusukuma. «Na nyumba munaikala ni ya kampuni.»

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwema, mchomeleaji, mwenye mikono ya makovu madogo madogo ya cheche. Alisema: «Tia sahihi.» Baadaye kidogo akauliza kitu ambacho hatukuweza tena kukiondoa nyumbani mwetu: «Lakini ile siku, wewe uliona kama beko bantu benye karte yabo haikutoka?»

«Niliona.»

Alitoka akaenda kukaa nje.

Nilitia sahihi Jumatano. Kabla ya uhamisho nilikuwa na siku chache, na katika siku hizo, bila kuomba ruhusa ya mtu, nilipanga faili upya, nikaweka alama mpya: jina na namba pamoja. Ilichukua siku mbili, kama nilivyosema. Nilijaribu kwa kuzima mashine makusudi katikati ya lile jina, nikaiwasha, kidole kikarudi pale pale kilipokuwa, juu ya mtu yule yule. Nilizima tena. Nikawasha. Kikarudi. Nilikaa nikikizima na kukiwasha kama mwendawazimu mpaka fundi wa umeme akaja kuuliza kuna nini.

Nusu mwaka uliofuata, kadi zilitoka bila mtu kukosekana, na shefu akasifiwa mbele ya bendera kwa marekebisho aliyofanya. Nilihadithiwa na rafiki yangu wa meza ya pili. Haukupita muda mrefu shefu akaitwa Kinshasa, kazi kubwa zaidi.

Mimi walinipeleka Sakania, mpakani, kuandika kwa mkono namba za mabehewa yaliyopita kwenda Zambia. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na daftari, meza yenye mguu mmoja mfupi, na treni ambazo zilizidi kuwa chache. Mume wangu alibaki Lubumbashi kwa ajili ya nyumba ile tuliyoilinda. Mwanzoni alikuja kila mwezi. Kisha kila sikukuu. Kisha nikasikia kuna mwanamke Kipushi, nikacheka peke yangu kwa kuwa ni Kipushi, katika miji yote.

Niliporudi Lubumbashi kumuuguza mama, kampuni ilikuwa imekwisha kuyumba na watu walianza kusema chama kimoja kinakufa. Watu waliimba nyimbo nyingine sasa, wengine kwa sauti zile zile. Siku moja nilivaa kitenge kizuri nikapanda gari la Kipushi. Namba ya kazi ya yule baba nilikuwa naikumbuka, na kwa namba nilipata nyumba kwa karani wa kambi, aliyenitajia mtaa bila hata kuniuliza mimi ni nani.

Alinifungulia msichana wa miaka kama kumi na saba, na nyuma yake mtoto mdogo wa kike aliyekuwa akila kiazi, akanitazama bila woga. Baba yao hakuwapo. Alikuwa ameacha mgodi, amekwenda kulima upande wa kwao, angerudi na mahindi baada ya mavuno.

«Mulikuwa munajuana na baba?» msichana aliuliza.

«Kidogo. Kwa mambo ya kazi.»

Aliniletea kiti na maji, na bakuli la viazi vitamu. Mdogo alikuja kusimama karibu na goti langu. Nilimuuliza jina, akalitaja, nami nilikuwa nalijua kwa sababu nililiandika. Dada yake alisema: «Huyu hakumujua mama.»

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuungama. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, kwa Kiswahili chepesi, yasizidi urefu. Nilikula kiazi kimoja, kisha cha pili kwa sababu alinisihi. Nikasifu ua lililofagiliwa. Gari la kurudi lilipopiga honi barabarani niliinuka, nikawashukuru wote wawili, nikaondoka bila kuwaambia.